Hivi watoto wa siku hizi kuchelewa kuongea ni chanjo au kuna kingine? Karibuni tujadili

#1 Mwana_Mabawa
Wadau habari za jioni. Kuna jambo linanikera muda sasa, leo nimwage hapa. Huku kwetu Mabawa, Tanga, naona watoto wengi wanafika miaka miwili, mitatu, hawajui kusema hata maji, unamwita hageuki, kutwa anazungusha tairi la kigari. Enzi zetu mtoto wa umri huo anaagizwa jirani na ujumbe anaufikisha. Nikiangalia kilichobadilika naona chanjo. Sisi tulichanjwa bega, tukadondoshewa matone, ikaja ya surua basi. Leo fungua kadi ya kliniki uone, safu juu ya safu, mtoto wa wiki sita anachomwa paja hili na paja lile siku moja. Mimi nasema zimezidi na zinagusa akili. Mwenye hoja aje na hoja, matusi sitaki.

#2 Bint_Pangani
Umenena kaka. Mtoto wa dada yangu alikuwa anaita baba, dada, mpaka jina la paka, alipochomwa ile ya mwaka na nusu akanyamaza kabisa. Mtu asiniambie nimeota.

#3 kaole_1
Salaam kutoka Bagamoyo. Mkuu #1 enzi zenu ni zipi hizo? Mpango wa chanjo wa taifa ulianza 1975. Kama umezaliwa baada ya hapo basi ulichomwa na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda mara tatu, umeiruka kwenye hesabu yako. Halafu watoto wasioongea walikuwepo sana tu, ila walifungiwa uani mgeni asiwaone. Mtaani kwetu Dunda kuna mzee mmoja sasa hivi ana zaidi ya miaka hamsini, hajawahi kusema neno, na watu wa rika letu wengi hatukujua kama nyumba ile ina mtoto wa nne.

#4 Mwana_Mabawa
Sawa weka na hiyo, bado hazifiki za leo.

#5 nesi_mstaafu
Wanangu hamjambo. Nimekaa chumba cha chanjo miaka mingi, mniruhusu niweke sawa tarehe. 2009 ikaja ile ya tano kwa pamoja, watu wakaiita penta, yaani ile ya zamani ya tatu, ambayo homa ya ini ilishaongezwa kabla, ikaongezwa na kirusi... samahani, bakteria wa Hib anayeleta homa ya uti wa mgongo. Sindano ikabaki moja. Mwanzoni mwa 2013 zikaingia ya nimonia na ya kuhara, hii ya kuhara ni matone ya mdomoni. 2014 surua ikaunganishwa na rubela. 2018 ikaja polio ya sindano, wiki ya kumi na nne. Kwa hiyo kweli zimeongezeka, Mwana Mabawa hakusema uongo hapo. Lakini mjue zilikuja kuziba nini. Uti wa mgongo wa Hib ulikuwa unatuachia mtoto kiziwi, au mwenye kifafa, au anarudi nyumbani shingo haikazi tena wakati alishaanza kukaa. Mama anatoka wodini anashukuru mtoto kapona, sisi tunaangaliana. Hao ndio walioharibiwa akili niliowaona kwa macho yangu, na hawakuharibiwa na sindano.

#6 Kijana_Raskazone
Nyongeza hapo kwa nesi. Nasoma mambo ya afya chuo. Sindano zimeongezeka ila vile vitu ndani ya chanjo ambavyo mwili unavitambua vimepungua mno. Zamani ilikuwa zaidi ya elfu tatu kwa ratiba nzima, sasa haifiki mia mbili. Kwa hiyo hoja ya kuzidi imekufa.

#7 maabara_korogwe
Kijana pole pole. Hizo hesabu ni za Marekani. Wao walibadilisha kifaduro, wakaacha kutumia kidudu kizima kilichouawa wakaweka vipande vichache, ndiyo namba ikaporomoka. Penta yetu sisi bado ina kifaduro kizima, kwa hiyo zile elfu tatu na ushee bado tunazo. Ndiyo maana watoto wetu usiku wa penta wanachemka na kulia zaidi kuliko wa kule. Hoja yako ni nzuri ila umeiazima kwa jirani na haikutoshi. Ungesema tu mtoto anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni anakutana na vijidudu vingi kuliko hivyo na mwili wake unavimudu, hapo ningekuunga mkono.

#8 Kijana_Raskazone
Hahaha nimekupata mkuu, nitaiacha hiyo hesabu.

#9 MamaNuru_Makorora
Jamani mie sina elimu ya hayo ila naomba niseme langu maana ni zito. Mwanangu alichomwa ya miezi kumi na minane, siku hiyo mzima, kesho yake mzima, wiki ya pili ikiingia homa ikapanda jioni, usiku macho yakageuka juu, mikono ikakaza, mate yanatoka. Mama mkwe akasema ni ndege kapita juu ya paa, huyu asiguswe na sindano atakufa. Tukamfukiza moshi wa kinyesi cha tembo, akatulia kidogo, alfajiri ikarudi tena na tena ndiyo baba yake akamkwapua tukaenda hospitali. Wakapima wakakuta malaria, tena kali, akawekewa dripu, hakujitambua mpaka siku ya pili yake. Sasa ana miaka minne, maneno yake ya kuokoteza, jina lake anaitikia akitaka. Upande wa baba wanasema ndege. Dada zangu wanasema chanjo. Daktari alisema malaria imepanda kichwani. Mie nisimame wapi? Kila mmoja ana uhakika isipokuwa mimi.

#10 Mzee_wa_Ngalawa
Pole sana mwanangu. Mkweo hakusema kwa ubaya, sisi tumekuta wazee wakisema hivyo, degedege na sindano haviendi pamoja. Wapo waliopelekwa hospitali wakachomwa sindano wakafa palepale, nimewazika.

#11 kaole_1
Shikamoo mzee. Hilo la degedege limewahi kuchunguzwa hapahapa wilaya ya Bagamoyo miaka ya tisini, watafiti walizunguka vijijini kuuliza akina mama wanafanya nini mtoto akikakamaa. Wakakuta wengi wanaanza kwa mganga maana ugonjwa unahesabiwa wa shetani, hospitali baadaye. Hao waliokufa baada ya sindano mzee walikuwa wamefikishwa mwisho kabisa, malaria imeshamaliza kazi. Sindano ikabeba lawama kwa sababu ilikuwa ya mwisho kuonekana.

#12 Mzee_wa_Ngalawa
Marahaba. Yawezekana. Lakini ndege nimemsikia mimi mwenyewe.

#13 nesi_mstaafu
MamaNuru pole mama. Nikwambie ninachokijua bila kukupamba. Hiyo ya miezi kumi na minane ni ya surua na rubela, na chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo homa yake haiji siku ileile kama ya penta, inakuja kuanzia kama siku ya sita hadi ya kumi na mbili. Watoto wachache sana homa hiyo inawaletea degedege, Marekani kwa ile chanjo yao wanasema mmoja hivi kati ya elfu tatu au nne. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba homa ya siku ile haikuguswa na chanjo hata kidogo. Ila degedege fupi ya homa haiachi mtoto bila maneno. Malaria ya kichwani ndiyo inaacha. Uganda waliwafuatilia watoto waliougua hiyo, baada ya miaka miwili karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na tatizo la akili, kumbukumbu au umakini. Na wako alipoteza fahamu na vimelea vilionekana kwenye damu. Ukiniuliza mimi nitasimama na daktari. Lakini sikuwepo, na mtoto hajakaguliwa mambo mengine, nitarudi kwako.

#14 Mwana_Mabawa
Mmesikia lakini? Nesi mwenyewe kakubali chanjo inaleta degedege. Mimi nilisema nini.

#15 nesi_mstaafu
Mwanangu soma na sentensi inayofuata.

#16 Kijana_Raskazone
Mnajua uvumi huu ulipoanzia? Uingereza 1998, daktari Andrew Wakefield aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu watoto 12 tu, akahusisha chanjo ya surua na usonji, yaani autism, ile hali ya mtoto kujitenga na kuchelewa kuongea. Baadaye ikagundulika taarifa za watoto zilichakachuliwa na alikuwa na maslahi ya fedha asiyoyasema. 2010 jarida likaifuta makala na yeye akafutwa kwenye daftari la madaktari. Denmark wakaja kuangalia watoto 657,461, matokeo yakatoka 2019, waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa, hata wale ambao kaka au dada yao tayari ana usonji.

#17 Bint_Pangani
Hiyo ya Denmark ni chanjo ya vitatu, ina na matumbwitumbwi. Yetu ni surua na rubela tu. Sasa kama chanjo si ileile na watoto si walewale, kwa nini majibu yao yawe yetu? Mmemkosoa kijana kwenye #7 kwa kuazima hesabu za Marekani, haya na hii tumeazima.

#18 maabara_korogwe
Swali zuri sana dada, na nimefurahi umelirudisha kwangu. Tofauti yake ni hii, kilicholaumiwa tangu mwanzo ni kirusi cha surua, na hicho kimo kwao na kimo kwetu. Ukitoa matumbwitumbwi umepunguza, hujaongeza. Ila upo sahihi kwamba kuwafuatilia watoto wa Tanga au Bagamoyo tangu kuzaliwa mpaka darasa la pili, na vipimo vya akili vya Kiswahili, ingekuwa bora mara elfu na mimi ningeitaka.

Kuhusu mtoto wa dada yako, kuna kisa kinanisaidia kufikiri. Uingereza miaka ya sabini watu waliiogopa chanjo ya kifaduro, hiyo hiyo ya kidudu kizima, wakisema inaharibu ubongo. Wakaacha kuchanja, kifaduro kikarudi kwa kishindo. Miaka mingi mbele, 2006, Waaustralia wakachukua watu 14 ambao wote ilisemwa ubongo wao uliharibiwa na chanjo hiyo, wakapima vinasaba. 11 kati yao walikuwa na hitilafu ya kinasaba ya kifafa kikali. Ugonjwa ulikuwa ndani tangu kuzaliwa, homa ikaufungulia mlango, ungefunguka kwa homa yoyote ile.

#19 Bint_Pangani
Asante kwa kujibu kistaarabu. Lakini dada yangu mtoto alikuwa anaongea. Hilo halijajibiwa.

#20 Sheba_Duga
Na zebaki je? Mbona hamuitaji. Chanjo zina zebaki na zebaki ni sumu ya ubongo, hilo halina Denmark wala Uganda.

#21 maabara_korogwe
Tunaitaja. Chupa za dozi nyingi za chanjo zilizouawa baadhi huwekwa kihifadhi chenye zebaki aina ya ethili, kidogo sana, isiingie bakteria chupa ikitobolewa mara kumi. Surua na rubela haina, ni chanjo hai, ingeuawa. Hiyo ethili mwili unaitoa upesi. Inayokaa ni ya methili, nayo inatoka kwenye samaki wakubwa, papa, jodari, wa aina hiyo. Marekani waliiondoa ya kwenye chanjo karibu zote za watoto kufikia 2001 na usonji ukaendelea kuandikishwa zaidi.

#22 Mzee_wa_Ngalawa
Sasa mmefika kwenye samaki. Mniache na papa wangu.

#23 kaole_1
Mzee papa wako yupo salama. Shelisheli wanakula samaki kila siku, wakafuatilia watoto wa akina mama wajawazito waliokula samaki kwa miaka na miaka, hawakuona madhara ya kueleweka kwenye akili. Mjamzito apunguze tu yale makubwa, dagaa na vibua ale ashibe.

#24 Chumbageni_Samaki
Vibua vibichi vipo kila asubuhi, nipigieni inbox, mjamzito namuwekea cha juu.

#25 Kijana_Raskazone
Huyu jamaa kila uzi anauza vibua, hata wa siasa.

#26 mama_wawili
Jamani mimi naona mnazunguka. Simu. Mtoto anapewa simu akiwa hajakaa, katuni za Kichina na Kiingereza kutwa nzima, mama yupo jikoni, baba yupo kibaruani, nani anaongea naye? Neno atalitoa wapi? Wa kwangu mdogo nilimnyang'anya nikamrudisha kwa bibi yake Muheza, nyumba imejaa watoto, kabla ya machungwa kuisha anagombana nao kwa Kiswahili na Kibondei.

#27 Mwana_Mabawa
Ya simu naikubali nusu. Ila jirani yangu hana hata simu ya kupangusa na mtoto wake haongei.

#28 bibi_Ngamiani
Mmemwangalia ulimi? Wengi wana udata, ulimi umefungwa kwa chini. Unakatwa kidogo tu anaanza kusema. Wangu wawili walikatwa.

#29 nesi_mstaafu
Shikamoo bibi. Udata upo, unasumbua kunyonya na baadhi ya herufi, ra inakuwa la. Lakini mwenye udata anakuelewa, anakuonyesha kwa kidole, anajaribu. Asiyegeuka akiitwa tatizo si ulimi. Na tafadhali wembe wa nyumbani hapana, nimepokea mtoto wa kutokwa damu namna hiyo.

#30 mwalimu_chekechea
Hapo kwa asiyegeuka ndipo nilipokuwa nasubiri. Mimi nafundisha awali. Mtoto mmoja aliletwa kwangu kwa jina la usonji, wazazi wameshazunguka kwa waganga wawili na wameapa wadogo zake hawachanjwi. Nikakaa nyuma yake akipanga vizibo vya soda kwa rangi, nyekundu zote, kijani zote, kwa utulivu kabisa. Nikaangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji. Darasa zima liliruka, yeye akaendelea na kizibo chake. Halafu nikapiga mguu chini karibu naye, akageuka mara moja akanitazama usoni, maana aliuhisi mtikisiko kwenye makalio. Huyo haoni shida kuwa na watu, huyo hasikii! Walipokwenda kupimwa masikio ikathibitika. Miaka mitatu imepotea watu wanabishana chanjo na majini.

#31 MamaNuru_Makorora
Mwalimu umenitoa machozi. Wangu mlango ukigongwa wakati mwingine anashtuka wakati mwingine hapana.

#32 nesi_mstaafu
Ndiyo niliyosema nitarudi. MamaNuru, malaria kali na homa ya uti wa mgongo huharibu hata masikio, nusu nusu, anasikia sauti nene hasikii nyembamba. Mpeleke apimwe. Anzia hospitali ya Bombo hapa Tanga uulizie kitengo cha masikio, nenda na kadi ya kliniki na cheti cha alipolazwa, wakitaka zaidi watakupa rufaa. Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya kusikia kwa watoto, sisemi wako anahitaji, nasema njia ipo. Na waulize alizaliwaje, alilia hapohapo? Macho yalikuwa njano siku za mwanzo?

#33 MamaNuru_Makorora
Alichelewa kulia kidogo, wakampigapiga. Njano ilikuwepo, nikaambiwa nimwoteshe jua la asubuhi.

#34 kaole_1
Unaona sasa. Njano ikipanda sana inaingia ubongoni na inapenda kuharibu masikio na misuli, na jua la dirishani haliitoshi ikishakuwa kali, inatakiwa taa maalumu. Sasa mtoto mmoja ana kuchelewa kulia, njano, malaria ya kichwani, na chanjo. Kwa nini kidole kimfikie wa mwisho peke yake?

#35 Mwana_Mabawa
Na kwa nini aachwe wa mwisho peke yake?

#36 Sheba_Duga
👆🏾 Hapo. Halafu nyie wa Bagamoyo msituambie mambo, watoto wenu walijaribiwa chanjo ya malaria.

#37 kaole_1
Walishiriki, na wa Korogwe kwenu Tanga pia. Wazazi walielezwa na kutia saini, mpwa wangu alikuwemo. Jumla watoto 15,459 nchi saba. Na utafiti ule ndiyo mfano wa jinsi usalama unavyofuatwa, maana walioanza chanjo wakiwa wakubwa kidogo walionekana kuugua uti wa mgongo zaidi, na malaria ya kichwani pia. Hawakuficha, waliandika. Kuanzia 2019 wakaitoa kwa watoto wengi mno Malawi, Ghana na Kenya wakitafuta hasa hilo, halikujirudia, ndipo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Mpwa wangu anasoma sekondari na hesabu ananipita.

#38 Sheba_Duga
Haya, hongera kwa mpwa. Na zinazoharibika njiani kwa joto? Zahanati moja huku umeme unakatika siku nzima.

#39 nesi_mstaafu
Swali la mzazi makini hilo. Kwenye kichupa kuna duara la zambarau na ndani yake kisanduku cheupe. Joto likizidi kisanduku kinazidi kuiva, kikifanana na duara au kuwa cheusi kulizidi, chupa inatupwa. Omba kuonyeshwa, ni haki yako. Ya surua ikishachanganywa na maji yake inatumika ndani ya saa sita tu, ndiyo maana mnaambiwa subirini wenzenu wafike, au rudini Alhamisi. Mnatununia, lakini ile ya kulala ikatumika kesho inaota vijidudu na inaweza kuua. Hatari ya kweli ya chanjo ninayoijua mimi ipo hapo, kwenye mikono yetu.

#40 mama_wawili
Hii sikuwahi kuijua kabisa, asante bibi nesi.

#41 shamba_la_chumvi
Mimi niko Mkinga, nashangaa hakuna aliyetaja chumvi. Chumvi nyingi ya huku inatoka shambani inaingia kwenye kiroba inauzwa hivyohivyo, haina madini joto, wakati sheria ipo tangu miaka ya tisini. Mjamzito akikosa madini joto mtoto anazaliwa mzito wa kuelewa, na hakuna sindano hapo. Tunapita pembeni ya kitu kipo jikoni.

#42 maabara_korogwe
Kweli tupu. Ongeza na damu pungufu. Pemba waliwapa watoto wadogo madini chuma, matokeo ya 2001 yakaonyesha lugha na kutembea vimesonga mbele.

#43 shamba_la_chumvi
Basi kesho nanunua ya vidonge nimpe wangu.

#44 maabara_korogwe
Usinunue kwa kukisia. Pemba hiyohiyo utafiti mwingine wa madini chuma ulisimamishwa, 2006 wakaandika kwamba watoto waliopewa waliugua na kufa zaidi, malaria ikiwa nyingi. Apimwe damu kwanza, alale kwenye chandarua.

#45 Bint_Pangani
Nimemsomea dada yangu uzi wote. Anasema wa kwake akiimbiwa anaimba sauti bila maneno, na akiitwa kwa jina hageuki ila pakti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio. Sasa huyo anasikia au hasikii?

#46 mwalimu_chekechea
Anasikia, angalau sauti nyembamba kama hiyo. Na kunyamaza baada ya kuanza kuongea, kwenye mwaka na nusu hadi miwili, ni jambo linalojulikana kwa baadhi ya watoto wenye usonji, waliochanjwa na wasiochanjwa. Umri wa chanjo hiyo na umri huo vimegongana. Apelekwe kwa daktari wa watoto, asisubiri atimize mitano.

#47 Mwana_Mabawa
Vimegongana, au kimoja kimekigonga kingine. Mimi bado sijaridhika ila nimejifunza. Mke wangu anadaiwa kumpeleka mdogo ya miezi tisa wiki hii.

#48 nesi_mstaafu
Nenda naye wewe mwenyewe, na ukiangalie hicho kisanduku kabla hajachomwa.

#49 Chumbageni_Samaki
Vibua leo vimeisha, kesho tasi.